Foteyi Zangu ku Harusi ya Wengine

Watu wengine aibu inawakuta nyumbani, mulango umefungwa, wanajipangusa jasho na inaisha hapo. Mimi yangu ilinikuta nimesimama mbele ya sale nzima ya watu wa harusi, kostimu mupya mwilini, mikro mukononi, nikifundisha wengine namna ya kuishi. Nitawaeleza yote na mucheke, nimewaruhusu, kwa sababu mwisho wake mimi pia nilicheka (lakini musiende mbio, kicheko changu kilichelewa sana kufika).

Hapa Kadutu, Bukavu, wananijua: Papa Mushagalusa wa mbao. Masomo niliachia mwaka wa tatu wa primere, siku baba alikufa. Nikaanza kubeba mbao za watu ku kichwa, halafu nikauza vipande walivyotupa, halafu nikauza mbao nzima, na leo niko na depo yangu, iko na mabati juu, iko na musumeno wa moteri, na hakuna mutu ata mumoja anaweza kusema alinipa musumari. Ninasema hivi kwa sababu ni kweli. Ninasema tena kwa sababu hicho kiburi ndicho kilinipeleka ku ile sale, kwa hiyo ni muzuri mukijue mapema.

Mambo yalianza na simu. Dame mumoja wa banki, kule Ibanda, alinipigia na sauti ya asali: «Papa, wewe ni kliya wetu muzuri sana. Kuanzia leo, ata konti yako ikifika zero, unaweza kuendelea kutoa. Tunaita dekuver.» Mimi nilisikia «kliya muzuri sana», yaani muteja wa maana, nikaacha kusikiliza. Nilifikiri wamenipa medali! Nikavaa viatu vyangu vya misa, nikapanda gari yangu ya jipu, nikashuka Ibanda kusaini, na sikuuliza swali ata moja, juu mutu aliyepewa medali haulizi inaisha siku gani.

Basi nikawa natoa. Mafuta ya jipu, natoa. Muchango wa kilio, natoa, na ninatoa kuliko wengine. Konti ikashuka chini ya zero, ikaendelea kushuka, na kila mwezi banki ikakata intere yake, riba, kimya kimya, na kila mbao niliyouza pesa yake iliingia mule mu shimo bila kuonekana tena. Lakini hiyo bado ningeiweza. Kilichonimaliza ni neno moja, na neno lenyewe ni ng'ombe.

Kulikuwa na kijana anaitwa Cubaka, mwalimu wa shule. Baba yake na mimi tulibeba mbao pamoja, bega kwa bega, na alipokufa nikasema huyu mutoto nitasimama nyuma yake. Siku alipotaka kuoa akaja kwangu na heshima yote, akasema: «Papa, utakuwa parren wangu. Na maman atakuwa maren.» Nilitoka machozi, ninakubali. Parren si kazi ndogo: unasimama mahali pa baba, unatoa mashauri mbele ya watu, unakaa na bibi yako juu ya jukwaa pamoja na maharusi, ku viti vya heshima.

Sasa munajua komite ya harusi inavyofanya kazi kwetu. Siku ya mungu, jumapili, kisha misa, watu wanakaa mu kiwanja cha parsele, sekretere anaita jina, na kila mutu anatamka kwa sauti atatoa nini. Nyumbani nilikuwa nimepatana na bibi yangu, Maman Nsimire: mbuzi moja na kasha mbili za bia, basi. Lakini mbele yangu wakamwita Tonton Deo, mujomba wa bibi harusi. Huyu Deo anakopesha watu pesa kwa mara mbili, tena anakodisha viti, hema na sono ya muziki ku masherehe, na kati yake na mimi kuna mashindano ya siku nyingi ambayo hakuna mumoja wetu anaweza kueleza yalianza wapi. Akasimama, akafunga kifungo cha koti, akasema: «Mimi, frigo.»

Watu wakapiga makofi, juu mashine ya baridi si zawadi ndogo. Sekretere akaita: «Papa parren?»

Mimi nilifungua kinywa kusema mbuzi. Kinywa kikasema: «Ng'ombe.»

Makofi yalinyanyua vumbi! Bamama wakapiga vigelegele, Cubaka akakuja kunikumbatia, na katikati ya zile furaha zote nikamwona Maman Nsimire ananiangalia namna mutu anaangalia moshi unatoka ku nyumba yake.

Pesa ya ng'ombe sikuwa nayo. Na nilienda kuitafuta wapi? Kwa Deo mwenyewe! (Chekeni, ninawangojea.) Nilijiambia ni bora aijue yeye peke yake, juu yeye anaficha siri za nusu ya Kadutu. Akanikaribisha vizuri, akanipa soda.

«Papa Mushagalusa,» akasema, «watu wakubwa wanasaidiana. Unakamata dola mia sita, mwisho wa mwezi unarudisha elfu moja na mia mbili. Haupati? Hakuna shida, hiyo elfu na mia mbili inageuka deni mupya, na nayo unairudisha mara mbili.»

«Mimi kukosa? Mimi?»

«Ninasema tu, Papa. Ni mazoea ya kazi.»

Sasa sikilizeni ujinga wangu wa pili, kwa sababu wa kwanza ulikuwa kiburi tu, lakini huu ulikuwa ujinga safi. Nilitoa kidogo, nikanunua kostimu. Yenye kubaki, badala ya kwenda sawasawa ku soko ya ng'ombe, nikaipeleka ku banki, ikae salama mpaka siku ikaribie! Siku ya kuitoa nikafika ku giche, dirisha la kutolea pesa, dame wa sauti ya asali akaangalia skrini ya ordinatere yake, akasema: «Papa, haiwezekani. Muda wa dekuver yako ulikwisha. Kile kinaingia sasa kinabaki, kinaziba deni.»

«Madame, ile haikuwa pesa. Ile ilikuwa ng'ombe.»

«Papa?»

«Ng'ombe yangu iko wapi?»

Watu wa mustari wakaanza kucheka. Nikatoka mule ndani, deni moja imemeza deni ingine, na mukononi sina ata mukia.

Mwisho wa mwezi ulipofika, Deo hakupiga kelele. Alikuja ku depo, akanusa mbao namna mutu anakuja kununua, akasema: «Sasa iko elfu moja na mia mbili, na mwisho wa mwezi unaokuja itakuwa elfu mbili na mia ine. Nipe gage, kitu cha rehani, nilale vizuri.» Nikampa foteyi zetu ine za salon, vile viti vikubwa vya kuegemea. Akasema hazitoshi. Nikampa na karatasi ya depo: nikikosa tena mwisho wa mwezi, depo inakuwa yake, mabati, musumeno, yote. Nilisaini. Miaka yangu yote ya kubeba ku kichwa, niliiweka ndani ya ile saini.

Zile foteyi, acha niwaeleze. Nilizitengeneza mimi mwenyewe na mbao ya libuyu, miguu niliichonga kama makucha ya simba, na Maman Nsimire alichagua nguo ya velur ya buluu na kuishona. Hakuna nyumba ingine ilikuwa nazo. Bibi yangu aliporudi kutoka shamba na kukuta salon tupu, nikamwambia nimezipeleka kwa fundi abadilishe nguo, zipendeze mbele ya harusi. Akafurahi! Ndiyo ilinichoma zaidi, alifurahi. Tukawa tunakalia mbao mbili nilizoleta kutoka depo, wageni wakija wanakaa kama wako ku mafundisho ya kateshisi, na kila siku ananiuliza: «Yule fundi wako anabadilisha nguo ao anaotesha pamba?» Na juu ya hiyo, siku zile zile rozari yake ikapotea, rozari aliyoachiwa na mama yake, akatafuta kila pembe, mwisho akamushuku dada yangu aliyekuwa amelala kwetu, na wale wawili wakaacha kusalimiana. Mimi niliwaacha. Nilikuwa na mambo yangu.

Siku ya harusi ikafika, jumamosi, mwisho wa mwezi iko karibu kabisa, komite nimewaambia ng'ombe iko njiani, na mimi moyoni nina hesabu moja tu: nimalize leo bila aibu, na kisha nitaona. Kanisani mambo yalienda vizuri. Tukafika ku sale na fanfare mbele inapuliza tarumbeta, jipu yangu imepakwa polishi mpaka inaonyesha sura, watu wanapunga mikono. Tukaingia, maharusi mbele, mimi na Maman Nsimire nyuma yao, tunacheza kidogo kidogo namna maparren wanachezaga, na tukiwa katikati ya njia nikanyanyua macho ku jukwaa.

Kulikuwa foteyi ine. Zilikuwa zimefunikwa na kitambaa cheupe na maua, nzuri sana, mutu hawezi kuona rangi yake. Lakini kitambaa kilikuwa kifupi. Na chini yake, makucha ya simba.

Nilijua Deo anakopesha. Nilijua Deo anakodisha viti. Hizo kazi zake mbili nilizijua miaka na miaka, lakini kichwa yangu haikuwahi kuziweka ku mustari moja: kwamba vitu vya watu anavyofunga kwa gage, anavikodisha ku harusi za watu walewale!

Miguu yangu ikasahau kucheza. Maman Nsimire akanifinya mukono: «Tembea, tunaangaliwa.» Nikatembea. Tukapanda, tukakaa. Mimi nilikaa na tako moja, kama mutu anaomba ruhusa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Yeye akajiegemeza, akapapasa mukono wa kiti, akasema polepole: «Viti hivi ni vizuri. Vinafanana na vyetu.»

«Foteyi zote zinafanana,» nikamwambia.

«Wewe unasema hivyo? Wewe?»

Deo alikuwa ku meza ya kwanza, anakunywa taratibu. Akanyanyua glasi yake kwangu.

Basi animatere, musemaji wa sherehe, akatangaza: «Sasa parren wetu, muzee wa mbao, mutu aliyejitengeneza mwenyewe, atatupatia mashauri!» Wakanipa mikro. Mashauri niliyatayarisha juma nzima, nilikuwa nimeyashika kichwani, na nikasema nitashika mashauri, sitaangalia chini. Nikasimama karibu na kiti cha bibi yangu.

«Watoto wangu,» nikasema, na sono ya Deo ilikuwa na nguvu, sauti yangu ilifika mpaka barabarani, «ndoa si kostimu. Ndoa ni kuambiana. Bwana asimufiche bibi kitu, bibi asimufiche bwana kitu. Cubaka, siku utaanza kumuficha bibi yako mambo ya pesa, siku ile…»

«Papa Mushagalusa.»

«Ngoja, Maman, ninazungumza. Siku ile, ninasema…»

«Papa Mushagalusa, hii rozari yangu inafanya nini mu hii foteyi?»

Mikro ilikuwa kati ya kinywa changu na chake. Iliyashika yote. Ilipeleka «rozari yangu» ku kila meza, ku jiko, ku parking. Nikageuka. Alikuwa ameingiza mukono mu pengo, pale kati ya mugongo na kikalio, namna alivyozoea kuuingiza kila jioni miaka yote, na mukono ukarudi na rozari ya mama yake iliyoteleza mule, msalaba unaning'inia.

Maman Nsimire hakungoja. Alishika kitambaa cheupe, akakivuta, na velur ya buluu ikatokea mbele ya watu wote.

Mimi nilikuwa na uongo tayari, ninaapa! Uongo muzuri, wa fundi aliyekodisha viti bila kuniambia. Lakini Deo akanisaidia (na ndiyo kosa kubwa alilofanya maisha yake yote). Akapaza sauti kutoka ku meza: «Maman, usivue pambo, hivyo viti ni vya kwangu! Bwana yako alinipa gage!»

«Eeeeeh!» sale nzima.

Animatere, ambaye analipwa ili asinyamaze, akasema: «Ndugu zangu, parren wetu amekalia deni yake!»

Hapo ndipo kicheko kilianguka. Nimebeba mbao nzito maishani, lakini kile kicheko sikujua nikibebe na bega gani. Bamama wanajipiga mapaja, fanfare wanacheka ndani ya tarumbeta zao, Cubaka ameinamisha kichwa, na bibi yangu peke yake hacheki. Aliniangalia, akasema neno moja: «Sema.»

Nikasema. Kwa sababu mikro ilikuwa wazi na sikuwa tena na kitu cha kuficha, nikasema yote: dekuver, medali, ng'ombe, kostimu, banki kumeza, mara mbili, foteyi, karatasi ya depo. Nilipofika ku depo, kicheko kikapungua, juu watu wengi mule walijua nilivyoianza. Maman Nsimire akakaa chini.

«Depo yetu?»

«Mwisho wa mwezi.»

Deo akasimama, mukono ku kifua, sasa anacheza mutu muzuri. «Parren, hakuna haja ya kulia mbele ya watoto. Mimi si munyama. Ninakuongezea mwezi moja. Unasaini tu.»

Na ninawaambia ukweli, nilitaka kukubali. Mwezi moja! Mu mwezi moja mutu wa mbao anaweza kupata komande kubwa ya mbao. Nikafikiri tena, kesho kutwa nitashuka banki, nitawaomba wafungue dekuver tena, nichote pale niweke hapa. Nikafikiri likelemba ya soko, ule muchango wa kupokezana, niombe zamu yangu ije mbele. Kichwa kilikimbia milango yote, na kila mulango nyuma yake kulikuwa deni ingine imekaa inaningojea. Elfu mbili na mia ine, mwezi moja, elfu ine na mia nane. Sikusoma, lakini kuzidisha kwa mbili ninajua.

«Na ile jipu,» Maman Nsimire akasema (mikro bado wazi, hakuna aliyekumbuka kuifunga), «inalala ku mulango, inakula mafuta, inafanya kazi gani?»

«Jipu ni heshima yangu.»

«Heshima yako leo nimeikalia mimi, mbele ya watu, bila kujua.»

Ah. Hilo neno lilinifikia kuliko kicheko chote.

Munajua mavuno ku parokia: watu wanaleta jogoo, ndizi, vibuyu mbele ya altare, na kisha misa vinauzwa kwa mnada, na anayeongeza ndiye anakamata. Nikapiga hatua mbele ya jukwaa, nikashika ile mikro vizuri, kwa mara ya kwanza siku ile.

«Ndugu,» nikasema, «sisaini kitu. Nje kuna jipu. Mumeiona wote, nimewapita nayo nikiwatupia vumbi. Vitesi ya pili, ile gia, inalia, siwafichi, lakini freni ni nzuri na moteri ni nzima. Ninaiuza. Hapa. Sasa hivi. Animatere, fanya kazi!»

Animatere alidhani ninacheka, akaniangalia usoni, akaona sicheki. Akapiga kelele: «Jipu ya parren! Nani anaanza?»

Shemeji yangu, ndugu ya bibi yangu, mulimaji wa muchele kule Luvungi, akanyanyua kofia kutoka nyuma: «Elfu mbili na mia tano!»

Sale ikaamka. Na mimi nilikuwa nimemwangalia Deo. Ile jipu aliitamani miaka. Kila mara akiniona nayo alikuwa anagonga tairi na kiatu na kuuliza nitaichoka lini. Halafu akafunga kifungo cha koti (nilikitambua kile kifungo, ni kile cha frigo), akasema: «Elfu tatu.»

«Elfu tatu na mia tatu!» shemeji.

«Na tano!» Deo akasema. «Na sita!» shemeji akajibu mbio.

«Tonton Deo,» animatere akamwambia, mutu mubaya kabisa, ninamupenda mpaka leo, «Tonton, mulimaji wa muchele anakukimbilia nyuma!»

«Na nane!» Deo.

«Elfu ine!» shemeji, amesimama juu ya kiti.

Bamama wakaanza kumuimba shemeji. Na Deo, mbele ya jamaa yake, mbele ya frigo yake iliyofungwa na utepe, akafanya kile nilifanya mimi siku ya komite. Kinywa kikamtangulia. «Elfu ine na mia mbili!»

Shemeji akavaa kofia yake, akakaa. (Kisha harusi aliniambia hakuwa na ata nusu ya zile pesa. «Nilijua huyu hatakubali kushindwa na mutu wa Luvungi,» akasema. Nilimukemea, lakini si sana.)

«Imeuzwa!»

Nikamwita Deo apande. Mutu aliyenunua mbele ya watu analipa mbele ya watu. Hesabu ilifanyika pale juu, kwa mikro: elfu mbili na mia ine, deni imekwisha, Deo, sema imekwisha. «Imekwisha.» Foteyi? «Ni zako.» Karatasi ya depo? Alikuwa nayo mu mufuko wa ndani, alitembea nayo kama picha ya mutoto! Akanipa, nikampa Maman Nsimire, akaipasua ile saini yangu vipande vipande, na fanfare, bila kuambiwa na mutu, ikapuliza. Yenye kubaki, elfu moja na mia nane, Deo alisema jumatatu ku banki, na mashahidi walikuwa sale nzima.

Nilitaka kurudisha mikro. Cubaka akanishika mukono. «Papa, unipe kidogo.» Akamugeukia bibi harusi, Esther, jasho linamutoka kuliko mimi. «Esther, mimi pia. Mushahara wangu wa miezi mitatu nilikwisha kuukopea. Hii kostimu, hii sale. Tutatoka hapa, hatutakuwa na kitu mpaka miezi mitatu.»

Nikafikiri: nimevunja ndoa ya mutoto wa rafiki yangu saa ya keki. Esther akaangalia frigo, akaangalia mujomba wake Deo, akakamata mikro: «Kama leo ni siku ya kusema, basi frigo itauzwa jumatatu. Tunaishi bila baridi.» Makofi yaliyofuata yalizidi ya ng'ombe mara nyingi, na mashauri yangu, ninawaambia, hakuna parren Bukavu mashauri yake yalifanya kazi mbio vile.

Kurudi nyumbani jipu hatukuwa nayo. Tukabeba foteyi ku vichwa, shemeji moja, Cubaka moja na kostimu yake ya harusi, animatere moja, na mimi yangu, mimi mwenyewe, nilikataa mutu anisaidie. Fanfare mbele, mchana wazi, kupanda Kadutu. Watu wa barabarani wanauliza nani ameoa, na Maman Nsimire anawajibu: «Ni viti vinarudi kwao!» Tukichoka tunaziweka chini kando ya njia, tunakaa kama mawaziri, taksi zinatupigia honi.

Jumatatu Deo alilipa ku giche. Dekuver ikakwisha yote na intere yake, elfu moja na mia ine na hamsini. Dame akatabasamu: «Papa, sasa uko kliya muzuri sana tena, tunaweza kukufungulia ingine, kubwa kuliko ile.»

«Madame,» nikamwambia, «funga. Halafu unipe karatasi inasema umefunga, na unisomee kwa sauti.» Akasoma. Mustari wote ukasikiliza. Na yenye kubaki nikanunua ng'ombe ya Cubaka. Ni ndama, ninakubali, miguu mifupi, lakini nilisema ng'ombe na ng'ombe ilitoka. Dada yangu nilienda kumuomba musamaha mimi mwenyewe, juu ya rozari, kwa miguu, na ni mbali.

Siku hizi ninatembea. Ninashuka Ibanda kwa miguu na ninapanda kwa miguu, Deo ananipita na ile jipu, vitesi ya pili inalia, ananipigia honi, ninamupungia mukono. Na kama jambo la pesa linakuja, mukopo, avanse, kitu chochote, ninakaa ku foteyi yangu, Maman Nsimire mbele yangu, ninalitamka kwa sauti yote. Kama sauti inakataa kutoka, ninaliacha. Niliapa hivyo na nimeshika.

Rozari yeye aliirudisha palepale, mu pengo la foteyi, lakini sasa mu foteyi yangu. Nilimuambia ninaisikia ku mugongo nikiegemea. Akasema: «Ndiyo.»